Kiti cha Abiria Ndani ya Ndege na Wajibu wa Anayetia Sahihi



Katibu wetu aliponiandikia barua kunitaka nizungumze leo, alinipa sharti moja. Nichague jambo la kazi yangu ambalo mtoto wa kidato cha kwanza ataweza kulifahamu, na ambalo mzee aliyestaafu hatasinzia akilisikiliza. Nilifikiri sana. Mimi ni mtumishi wa serikali. Nilipotoka hapa nilikwenda Chuo Kikuu kusomea uhandisi, na kwa muda wa miaka karibu ishirini sasa kazi yangu ni ukaguzi wa ndege. Watu wakisikia hivyo hunidhania rubani, wakanipa heshima kubwa. Wakijua kwamba kazi yenyewe ni kusoma makaratasi mengi na kupiga magoti baina ya viti nikiwa na kurunzi mkononi, heshima ile hupungua kidogo.

Basi leo nitazungumza juu ya hayo magoti. Nitazungumza juu ya kiti cha abiria, na juu ya masharti yanayotufunga pale sehemu ya kiti inapoonekana kuwa ni ya hatari. Mwisho nitasema jambo moja linalohusu shule hii hii, ambalo nimekaa nalo kimya kwa miaka mingi.

Ndugu zangu, mtu akipanda ndege huangalia mabawa, huangalia injini, na wengine humwangalia rubani usoni kama amelala vizuri. Kiti hakiangaliwi. Kiti ni mahali pa kukaa tu. Lakini fikirini: katika ndege nzima, kitu pekee kinachomshika abiria ni mkanda; mkanda umeshikwa na kiti; kiti kimeshikwa na sakafu. Ni kama mnyororo. Pingu moja ikikatika, hata zile nyingine zingekuwa imara namna gani, hazina faida.

Na kiti hicho hakikupigiliwa sakafuni kama benchi la darasani. Sakafu ya ndege ina reli za madini zinazokwenda kutoka mbele hadi nyuma, na juu ya reli hizo mna matundu yaliyopangwa kwa nafasi ya inchi moja moja. Miguu ya kiti huingizwa katika matundu, kisha kiti husukumwa nusu inchi ili miguu inase chini ya mdomo wa reli, halafu pini hushushwa ndani ya tundu ili kiti kisirudi kilikotoka. Ilifanywa hivyo makusudi, ili shirika liweze kusogeza viti, kuvipunguza au kuviongeza. Lakini hapo ndipo penye mtego. Pini isiposhuka vizuri, kiti huonekana kimekaa. Abiria atakikalia, atafunga mkanda, atakunywa chai yake, wala hatajua lolote.

Mwaka 2012, baina ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba, jambo hili liliwapata American Airlines wa Marekani. Ndege yao ya aina ya Boeing 757 iliyokuwa ikitoka Boston kwenda Miami ilibidi ikatize safari na kutua New York kwa sababu safu nzima ya viti ililegea angani. Siku mbili baadaye, ndege nyingine ya aina hiyo hiyo iliyokuwa imeondoka New York ikarudi kwa sababu ile ile. Shirika likasimamisha ndege 48 za aina hiyo ili zikaguliwe. Na walipochunguza, miongoni mwa mambo waliyoyataja ni kwamba soda, kahawa na maji ya matunda yaliyomwagika sakafuni kwa muda mrefu yalikuwa yameganda katika pini za viti, zikawa hazishuki sawasawa. Wadogo zangu, soda! Mtoto amemwaga kikombe, mama yake amefuta kwa kitambaa, safari imekwisha, watu wamesahau. Lakini reli haikusahau.

Ziko njia tatu ambazo kwazo kiti chaweza kumdhuru abiria badala ya kumlinda, na sheria zetu zimejengwa juu ya hizo tatu.

Ya kwanza ni kung'oka. Tarehe 8 Januari 1989, ndege ya British Midland aina ya Boeing 737-400 ilianguka karibu na kijiji cha Kegworth, Uingereza, kandokando ya barabara kuu. Ilikuwa na watu 126, na 47 kati yao wakafa. Wachunguzi walipoingia ndani waliona kwamba katika sehemu kadhaa za ndege sakafu ilivunjika, na viti vikaachana nayo, vikasongamana vikiwa na watu ndani yake. Ajali ile iliwafundisha wahandisi kwamba haitoshi kiti chenyewe kuwa na nguvu. Lazima tutazame na kile kinachokishika.

Njia ya pili ni kuwaka moto. Mto wa kiti hujazwa sponji, na sponji ya kawaida ikishika moto hutoa moshi wenye sumu. Tarehe 2 Juni 1983, ndege ya Air Canada ilipata moto nyuma, upande wa choo, ikatua Cincinnati ikiwa nzima. Ndani mlikuwa na watu 46. Milango ikafunguliwa, wakaanza kutoka, na kwa muda usiotimia dakika mbili ndani yote ikawa moto. Watu 23 hawakutoka. Marekani ikatoa sheria mwaka 1984 kwamba sponji za viti zifunikwe kwa kitambaa maalumu cha kuzuia moto, na mashirika yakapewa miaka mitatu, hadi Novemba 1987, kukamilisha kazi hiyo.

Ya tatu ni kuziba njia. Huko Manchester, tarehe 22 Agosti 1985, ndege iliyokuwa bado chini iliwaka moto, na watu 55 wakafa, wengi wao kwa moshi. Moja ya mambo yaliyotazamwa baadaye ni nafasi iliyokuwapo baina ya viti kwenye milango ya dharura iliyo juu ya bawa. Ndiyo sababu leo mkisafiri mtaona nafasi hapo ni kubwa zaidi, na mhudumu hukataza mkoba kuwekwa sakafuni. Mgongo wa kiti uliolegea ukaanguka nyuma mahali pale, ni sawa na mtu aliyelala mlangoni nyumba ikiungua.

Sasa wale wa kidato cha tatu na cha nne wanaosoma fizikia wanisikilize kidogo. Nguvu ya kiti hupimwaje? Zamani kiti kilitakiwa kistahimili kuvutwa mbele kwa nguvu iliyo sawa na mara tisa ya uzito. Kilifungwa, kikavutwa polepole, kikatazamwa. Lakini ajali haivuti polepole. Kwa hiyo mwaka 1988 Wamarekani waliweka kipimo kipya, na nchi nyingine zikafuata. Kiti hufungwa juu ya kigari, na ndani yake hukalishwa sanamu ya mtu yenye uzito wa kilo 77. Kigari hukimbizwa na kusimamishwa ghafula kutoka mwendo wa kama kilomita 48 kwa saa, na nguvu ifike kilele chake, mara 16 ya uzito, katika muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Haya, pigeni hesabu: mtu wa kilo 77 mara 16 ni kilo 1,232. Kiti cha watu watatu, miguu yake itavutwa kwa zaidi ya tani tatu na nusu, mbali na uzito wa kiti chenyewe. Na kabla ya jaribio, reli moja huinamishwa digrii kumi kwenda juu au chini na nyingine hulazwa ubavu digrii kumi, kwa sababu katika ajali sakafu haibaki imenyooka.

Na sharti la kushinda mtihani huo ni nini? Sheria inasema kwamba kiti kinaruhusiwa kupinda, lakini hakiruhusiwi kuachia. Miguu iweza kukunjika, mgongo uweza kulala, lakini mahali kiliposhikana na ndege pabaki pameshikana, na mkanda ubaki mahali pake. Kwa Marekani, ndege kubwa za abiria zilizotengenezwa kuanzia tarehe 27 Oktoba 2009 zinapotumiwa na mashirika yao lazima ziwe na viti vilivyoshinda mtihani huo.

Hapo mtauliza: na kiti kikiisha kuuzwa, kikafungwa katika ndege mia tano duniani, ndipo ikagunduliwa kwamba bolti yake fulani ina kasoro, hufanywa nini?

Hufanywa hivi. Kwa Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, ambao na sisi tumo, nchi ambako kitu kilibuniwa ina wajibu wa kuzijulisha nchi nyingine hatari inapoonekana. Nchi ile hutoa agizo. Agizo hilo si ushauri. Ni sheria, na ndege isiyolitimiza haina ruhusa ya kuruka. Ukilisoma utakuta mambo matano. Kwanza linataja vitu vinavyohusika kwa namba zake, na kwa viti jambo hili ni la maana sana, kwa sababu kiti cha aina moja chaweza kuwa ndani ya Boeing na ndani ya Airbus. Kwa hiyo hatutafuti ndege tu, tunatafuta kibati cha namba kilichobandikwa chini ya kiti. Pili linaeleza hatari yenyewe. Tatu linasema la kufanya: kukagua, kubadilisha, au kuondoa. Nne linaweka muda. Na tano, ambalo watu hulisahau, linakataza kukirudisha: tangu tarehe fulani mtu yeyote asifunge tena sehemu ya namba ile katika ndege yoyote, hata kama anayo mpya stoo.

Msidhani haya ni mambo ya zamani tu. Mwezi Machi 2024 ndege ya LATAM aina ya Boeing 787 iliyokuwa ikitoka Sydney kwenda Auckland ilishuka ghafula angani, watu wapatao 50 wakaumia. Kiti cha rubani kilikuwa kimejisogeza mbele bila kutakiwa. Mwezi Agosti mwaka ule ule Marekani ikatoa agizo kwamba swichi za viti hivyo zikaguliwe katika siku 30, kutazama kama vifuniko vyake vimelegea au vimepasuka. Kifuniko cha swichi! Kitu cha ukubwa wa kidole gumba.

Kuna wanaouliza kwa nini muda unatolewa; kama ni hatari, kwa nini ndege zisisimamishwe zote leo? Ni swali zuri. Jibu ni kwamba hatari hupimwa. Kiti chenye kasoro ya nguvu humdhuru mtu siku ya ajali, na siku hizo ni chache mno. Kusimamisha ndege zote kwa mara moja nako kuna madhara yake: wagonjwa hawafiki, dawa hazifiki, na mafundi wakifanya kazi kwa haraka hukosea. Kwa hiyo kasoro nyingine hupewa siku, nyingine miezi, nyingine miaka. Lakini muda ukiisha, umekwisha. Hakuna kuomba msamaha mezani kwa mkaguzi.

Nami nisingependa mfikiri kwamba kazi hii haina uchungu. Niliwahi kufika katika kiwanja kimoja kidogo, nikakuta ndege iko tayari kuondoka, abiria wamejaa. Nilipotazama ndani nikakuta mgongo wa kiti kimoja hausimami, umefungwa kwa waya. Meneja akaniambia, "Mkubwa, ni kiti kimoja tu, na safari ni ya dakika arobaini." Masharti yanasema wazi: kiti kibovu chaweza kubaki ndani ya ndege ikiwa hakizibi njia ya kutokea, lakini kifungwe, kibandikwe karatasi ya kukataza mtu kukaa, na kasoro iandikwe katika daftari la ndege. Tukafanya hivyo. Maana yake abiria mmoja akabaki. Aliyebaki alikuwa mama mmoja aliyekuwa akienda kuzika. Alinilaumu machozi yakimtoka, na mimi sikuwa na jibu la kumfariji. Ndege ile ilifika salama. Yamkini na kiti kile kingefika salama na mtu juu yake. Hilo ndilo zito la kazi hii: ukizuia ajali, hakuna atakayeiona, hata wewe mwenyewe. Atakayeonekana ni yule mama aliyechelewa mazishi.

Sasa nifike katika jambo lililonifanya nichague mada hii.

Mwaka 2010 serikali ya Japani ilitangaza kwamba kiwanda kimoja cha viti vya ndege, Koito Industries, kilikuwa kimebuni na kubadilisha takwimu za majaribio ya viti vyake, ya nguvu na ya moto pia. Viti vilivyohusika vilikuwa kama 150,000, katika ndege zipatazo 1,000 za mashirika 32 ya nchi mbalimbali. Katika Marekani peke yake zilihesabiwa ndege 278 na viti 40,365. Wakubwa wa kiwanda waliomba radhi hadharani. Serikali za Marekani na Ulaya zikatoa maagizo kwamba viti vile vipimwe upya kwa ngazi, na vile visivyofaa viondolewe. Kuna mashirika ambayo ndege zao mpya zilichelewa kutoka kiwandani kwa kukosa viti.

Angalieni, ndugu zangu, ajabu ya jambo hili. Viti vile vilikuwa vizuri. Vilipendeza. Vingi huenda vilikuwa na nguvu ya kutosha kabisa. Lakini hakuna aliyeweza kujua ni vipi vina nguvu na vipi havina, kwa sababu karatasi zilikuwa zimesema uongo. Kasoro ya bolti huharibu kiti kimoja. Uongo wa karatasi huharibu viti vyote, hata vile vizima, kwa maana huwezi tena kuviamini. Na ile kazi ya kuvipima upya iliwaangukia watu ambao hawakukosa.

Na zile karatasi hazikujiandika zenyewe. Alikuwako mtu aliyekaa mezani, kalamu mkononi, akijua.

Nasema hivi bila kujivuna, kwa sababu mimi nami niliwahi kuwa mtu yule.

Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha tano hapa, kiranja wa bweni. Wenzangu wa wakati ule wanakumbuka vile vitanda vyetu vya chuma vya juu na chini, vilivyokuwa vikilia usiku kucha kama mikokoteni. Shule ilimleta fundi avikaze. Vilikuwa vitanda 40. Ijumaa jioni fundi alinijia akaniambia, "Kijana, vitanda kumi na kimoja nimevifunga kwa waya, bolti zimekwisha. Jumatatu nitaleta nyingine nimalize." Nikamwitikia. Baadaye mwalimu wa zamu akanipa fomu ya kupokea kazi, niihakikishe na kutia sahihi. Jioni ile tulikuwa na mechi, na mimi nilikuwa nikicheza. Sikurudi bwenini kuhesabu. Niliandika "vitanda 40 vimetengenezwa," nikatia sahihi yangu, nikakimbia uwanjani. Tulishinda mabao mawili kwa moja. Nakumbuka hata hayo mabao.

Jumapili usiku kitanda kimoja kati ya vile kumi na kimoja kilianguka. Wa juu alikuwa mtoto wa kidato cha kwanza, wa chini mwenzake. Wa juu hakuumia. Wa chini alivunjika mkono mahali pawili.

Uongozi ulipoitazama fomu, ilisema vitanda vyote vimetengenezwa. Basi aliyekosa akaonekana ni fundi, kwamba amelipwa kwa kazi asiyoifanya. Hakupewa kazi tena. Alijitetea kwamba alimwambia kiranja. Nilipoitwa nikaulizwa, nilisema sikumbuki. Hilo ndilo neno nililolisema: sikumbuki.

Miaka mingi ilipita. Nilipoanza kazi ya ukaguzi, kila nilipotia sahihi niliiona ile fomu. Mwishowe nilimtafuta yule fundi. Alikuwa mzee, amekaa barazani kwake, macho hayaoni vizuri. Nilipiga magoti nikamweleza mimi ni nani na nilifanya nini. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilikwambia bolti zimekwisha." Basi. Hakuongeza neno. Tulikunywa uji, nikaondoka. Sasa ameshafariki. Mwenzetu aliyevunjika mkono nilikwisha mwandikia, naye alinijibu kwa wema kuliko nilivyostahili. Yumo humu ukumbini leo, na kwa idhini yake ndiyo maana nayasema haya mbele yenu. Jina la yule mzee lilichafuliwa mahali hapa, na mahali hapa ndipo panapostahili kulisafisha. Fundi hakukosa. Nilikosa mimi.

Wale wazee wetu wa miaka ya sabini wataikumbuka ile VC10 ya East African Airways iliyopata ajali Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972. Haikuwa habari ya viti. Rubani alikatiza kuruka kama inavyotakiwa, lakini breki hazikushika kwa ukamilifu, ndege ikapita mwisho wa njia. Watu 43 kati ya 107 wakafa. Uchunguzi ulikuta kwamba sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imerudishwa kinyume wakati wa matengenezo. Kitu kidogo, kilichofungwa na mikono ya mtu, kikapita.

Kwa hiyo masharti tunayoyashika tunapotengeneza sehemu ya hatari ya kiti ni machache, na mwanafunzi yeyote aweza kuyakariri. Sehemu inayofungwa iwe na hati yake, inayoonyesha ilikotoka na nani aliyeithibitisha. Bolti inayofanana siyo bolti ile. Njia ya kutengeneza iwe ile iliyoidhinishwa. Huwezi kuchomelea mguu wa kiti kwa kukisia, wala kubadilisha sponji au kitambaa kwa sababu umekipenda rangi, kwa maana mtihani ulishindwa na kiti kile kwa vifaa vile, si kwa vingine. Sehemu iliyoondolewa itiwe alama ili isirudi stoo kama nzima. Kisichokamilika kiandikwe kuwa hakikukamilika. Na anayetia sahihi awe ameona kwa macho yake, au ameambiwa na aliyeona na ambaye naye ametia sahihi yake.

Hilo la nne ndilo gumu kuliko yote. Kuandika "kumi na kimoja bado" kungenigharimu nini mwaka ule? Dakika kumi, na pengine kukosa kipindi cha kwanza cha mechi.

Ndugu Mwenyekiti, nimeona katika ratiba kwamba kesho mchana tutaikabidhi shule vitanda 60 vipya vilivyonunuliwa kwa michango yetu sisi wahitimu, na kwamba kuna hati ya makabidhiano itakayosomwa na kutiwa sahihi na wawakilishi wawili. Mmoja wao ni mimi. Naomba ruhusa yako. Kabla ya hati ile, kesho saa mbili asubuhi, nitakuwa bwenini. Nimekuja na spana mbili na kurunzi. Nawaomba viranja wote wa mabweni waje, na yeyote katika kaka zangu ambaye magoti yake bado yanakubali. Tutapita kitanda kwa kitanda, bolti kwa bolti. Vikiwa 60 vizima, tutaandika 60. Vikiwa 57, tutaandika 57, na mgeni rasmi atatusamehe.